Sindano za Mishipa ya Umio kwa Wagonjwa wa Ini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopi, yaani kamera ya kuchungulia umio na tumbo, hapa Nairobi. Maswali haya nimeyasikia kwenye benchi la nje ya mlango wetu, mengine saa nane usiku, kutoka kwa watu waliomleta mama au ndugu akitapika damu kwenye beseni. Wengi huuliza jambo moja kwa njia tofauti: "Sista, ni sindano gani nzuri?" Jibu la moja kwa moja liko kwenye swali la 5, lakini litaeleweka vizuri zaidi ukianzia juu.

## Mwanzo wa mambo

1. Ini ndilo linaumwa. Mbona mishipa ya umio ndiyo inavimba?

Damu inayotoka tumboni, kwenye utumbo na kwenye bandama hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Ini likijaa makovu, njia hiyo inabana. Damu nayo haisimami. Inafanya kama matatu Thika Road ikifungwa: inakata kona na kuingia vichochoroni, yaani kwenye mishipa midogo ya chini ya umio na juu ya tumbo, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Mishipa inapanuka, inajikunjakunja, na ukuta wake unakuwa mwembamba kama puto lililopulizwa kupita kiasi. Siku shinikizo linapozidi, unapasuka.

Kwa wagonjwa tunaowaona hapa, makovu hayo huletwa zaidi na homa ya ini aina ya B, pombe, na kichocho cha matumbo. Kichocho kina mambo yake, kwa hiyo nimekitengea swali la 12.

2. Nitajuaje kwamba umepasuka?

Mgonjwa hutapika damu nyekundu au mabonge, au matapishi yanafanana na machicha ya kahawa. Au anaenda choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu ambayo ukishaisikia mara moja huwezi kuisahau. Vidonge vya kuongeza damu pia hufanya choo kiwe cheusi, ila hakinati na hakina harufu ile.

Mara nyingi hakuna maumivu yoyote. Hapo ndipo watu wanapoteza muda: "Haumwi tumbo, tungoje asubuhi." Usingoje. Mtu anaweza kutoka jasho baridi, kuona giza na kuzirai ndani ya saa moja.

3. Sindano yenyewe inachomwa wapi?

Si mkononi wala tumboni. Inachomwa ndani ya umio, kupitia kamera.

Kamera ni mpira mrefu, mwembamba kuliko kidole gumba, wenye taa mbele na tundu refu linalopita ndani yake. Kwenye tundu hilo tunapitisha mrija wa plastiki ulioficha sindano nyembamba. Daktari anaukaribia mshipa na kusema "sindano nje," nami nasukuma mpini. Ncha ya milimita chache tu inachomoza. Anachoma. "Moja." Nasukuma mililita moja, naitamka kwa sauti ili kila mtu chumbani aisikie, na muuguzi mwingine anaiandika. Kwenye skrini unaona mshipa uliokuwa wa buluu ukivimba kidogo kisha ukipauka. "Sindano ndani." Tunasogea kwa mshipa unaofuata.

Wazo hili si jipya. Madaktari wawili wa Sweden, Crafoord na Frenckner, walilieleza mwaka 1939, wakitumia kwinini na kamera ngumu ya chuma.

## Dawa zenyewe

4. Ni dawa gani zinazodungwa, na zinatofautianaje?

Watu huziita "dawa za kukausha mishipa," na jina hilo linafaa. Zote hufanya kazi kwa kuujeruhi ukuta wa mshipa kwa makusudi. Damu inaganda ndani, uvimbe wa jeraha unafuata, na mwishowe kovu linauziba mshipa. Kwa hiyo usizifikirie kama dawa za kutibu ini. Hazigusi ini kabisa.

*Ethanolamini oleati* ya asilimia 5 ni kitu chenye asili ya mafuta. Hudungwa ndani ya mshipa wenyewe, mililita 1.5 hadi 5 kwa kila mshipa, na jumla isizidi mililita 20 kwa kikao kimoja. Kiasi hicho kina sababu yake: ikiingia nyingi kwenye mzunguko wa damu hupasua chembe nyekundu, na mabaki yake huzilemea figo. Mgonjwa mwenye figo dhaifu anahitaji mkono mwepesi hapa.

*Sodiamu tetradesili salfeti* ni ya jamii ya sabuni. Ndiyo hiyohiyo inayotumika kwa mishipa iliyovimba miguuni. Inafanya kazi haraka kwa kiasi kidogo, mililita 1 au 2 kwa mshipa, lakini ikivuja nje ya mshipa huchoma nyama kwa kina, na kidonda chake ni kirefu.

*Polidokanoli* ilibuniwa kwanza kama dawa ya ganzi, kwa hiyo haiumi sana inapoingia. Ni laini kuliko hizo mbili. Madaktari wengine huidunga pembeni mwa mshipa badala ya ndani, ili tishu zinazouzunguka zikaze na kuubana.

*Sodiamu moruati* hutokana na mafuta ya ini la samaki, ndugu wa yale mafuta ya kijiko uliyonyweshwa utotoni ukiziba pua. Ni ya zamani, na tatizo lake kubwa ni mzio, ambao mara nyingine huwa mkali wa kutishia uhai. Ukidhurika na samaki, sema kabla hujalala kitandani.

*Alkoholi halisi*, yaani spiriti safi isiyo na maji, ni rahisi na inapatikana. Inakausha tishu papo hapo. Kwa sababu hiyo hudungwa kidogo sana kila mahali, chini ya mililita moja, na bado huacha vidonda vingi.

Gundi ni jambo jingine kabisa. Iko kwenye swali la 7.

5. Sasa, ipi ni bora?

Kwa kusimamisha damu, hakuna iliyowashinda wenzake wazi. Dawa hizi zimelinganishwa katika majaribio mengi tangu miaka ya 1980, na wagonjwa waliotulia damu kwa dawa moja hawakuwa tofauti sana na wale wa dawa nyingine. Tofauti inaonekana kwenye madhara: kina cha kidonda, maumivu ya kifua, homa, na umio kuziba kwa kovu baadaye. Hapo dawa kali kama tetradesili na spiriti huhitaji uangalifu zaidi, na polidokanoli husamehe makosa kidogo.

Nitasema ninavyoamini baada ya miaka kwenye chumba hiki. Ukiniambia nichague kati ya dawa nzuri kwenye mkono usioizoea na dawa ya kawaida kwenye mkono ulioidunga mara mia, nachagua mkono. Daktari aliyezoea ethanolamini anajua inavyosukumika, anajua mshipa unavyopauka, anajua wakati wa kuacha. Kwa hiyo usiulize jina la dawa peke yake. Uliza pia: "Daktari, hii ndiyo unayoitumia kila siku?" Ni swali la heshima, na daktari mzuri halichukii.

6. Kuna anayeniambia siku hizi hawadungi, wanafunga raba. Ni kweli?

Ni kweli, na ikiwezekana hiyo ndiyo ichaguliwe kwanza. Kifaa kama kikombe kidogo huwekwa kwenye ncha ya kamera, mshipa unavutwa ndani yake, na raba inaachiliwa shingoni mwake. Mshipa uliobanwa unakufa na kudondoka pamoja na raba baada ya siku chache, na vyote vinatoka chooni bila mtu kujua.

Mwaka 1992 Stiegmann na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 129. Kati ya waliodungwa, asilimia 45 walifariki katika kipindi cha ufuatiliaji. Kati ya waliofungwa raba, asilimia 28. Majaribio yaliyofuata yalielekea upande huohuo: raba huacha madhara machache, damu hairudi sana, na vikao vinavyohitajika hupungua.

Basi mbona sindano haijatupwa? Kwa sababu kuna saa inaokoa. Damu inapobubujika na skrini yote ni nyekundu, kile kikombe cha raba hupunguza uwezo wa kuona, na kukifunga kunakulazimu uitoe kamera na kuirudisha. Sindano inapita palepale ulipo. Pia mshipa uliokwisha kufungwa mara nyingi huwa na kovu gumu lisilovutika, raba inateleza. Na kuna siku raba zimeisha. Hilo nalo hutokea, na familia inastahili kuambiwa wazi.

7. Mgonjwa wangu aliwekewa gundi. Si gundi ya viatu hiyo?

Jamaa yake, ndiyo. Inaitwa saianoakrileti, na ikigusa damu inakuwa ngumu kwa sekunde chache. Inatumika hasa kwa mishipa mikubwa ya juu ya tumbo, ambapo dawa za kukausha hazifui dafu na raba inaweza kuacha shimo la hatari.

Siku ya gundi chumba chetu hunyamaza. Kila mtu anavaa miwani, na mgonjwa pia anafunikwa macho. Gundi huchanganywa na mafuta ya lipiodoli ili isigande mapema, na mrija husafishwa kwa maji ya sindano yasiyo na chumvi. Ikisukumwa polepole mno, sindano inanasa ndani ya mshipa. Ikisukumwa nyingi mno, kipande kinaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Kwa hiyo gundi si kitu cha kujifunzia usiku wa dharura.

## Siku yenyewe na siku zinazofuata

8. Amefika akitapika damu. Mbona hawampeleki moja kwa moja kwenye kamera?

Kwa sababu mtu aliyeishiwa damu anaweza kufia chini ya kamera. Kwanza anapewa maji na damu, dawa ya kupunguza shinikizo la mishipa hiyo kama oktreotaidi au telipresini, na antibayotiki, mara nyingi seftriaksoni gramu 1 kwa siku. Antibayotiki inashangaza watu, lakini mgonjwa wa ini anayetokwa damu hushikwa na maambukizi upesi, na maambukizi hurudisha damu. Kamera inalengwa ndani ya saa 12, akishatulia.

Swali jingine linaloandamana na hili: "Tumeleta watu sita wa kutoa damu, mbona amewekewa chupa mbili tu?" Damu ikijazwa kupita kiasi inaongeza shinikizo kwenye mishipa ileile iliyopasuka. Madaktari hulenga hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya 7 hadi 8, si 12. Watu wenu sita hawakuja bure, damu yao itamfaa mwingine, na huenda mgonjwa wenu akaihitaji kesho.

9. Baada ya sindano, maumivu gani ni ya kawaida na yapi si ya kawaida?

Kifua kuuma nyuma ya mfupa wa katikati, homa ndogo, na chakula kukwama kidogo kwa siku moja au mbili: kawaida. Kidonda pale palipodungwa pia kinatarajiwa, maana ndivyo dawa inavyofanya kazi.

Rudi hospitali saa hiyohiyo ukiona homa kali yenye kutetemeka, pumzi kukatika, maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua, uvimbe wa shingo unaobofyeka kama una hewa ndani, au damu tena. Wiki ya kwanza na ya pili ndizo za kuangaliwa zaidi, kwa sindano na kwa raba pia, kwa sababu kidonda kinaweza kuvuja. Chakula kikianza kukwama wiki kadhaa baadaye, huenda ni kovu linalobana umio. Linaweza kupanuliwa, kwa hiyo usivumilie kwa kunywa uji miezi mitatu.

10. Ale nini?

Siku ya kwanza vitu baridi au vuguvugu vya maji, kisha uji, supu, matoke yaliyopondwa, mayai laini. Kwa wiki mbili hivi aache mahindi choma, njugu, mutura, chapati kavu na chai ya moto sana. Pombe aiache moja kwa moja, hata kama si pombe iliyoharibu ini lake.

11. Nikidungwa mara moja nimepona?

Hapana. Mshipa mmoja huzibwa, jirani yake akabaki. Vikao hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa mpaka mishipa iishe, kisha kamera ya kukagua baada ya miezi 3 hadi 6, na tena baadaye, maana mishipa hurudi. Pamoja na hayo mgonjwa hupewa propranololi au kavedilolo kila siku, vidonge vinavyoshusha shinikizo. Wengi huviacha kwa sababu hawasikii tofauti. Havina kitu cha kumsikizisha mtu. Kazi yake ni mshipa usipasuke. Akisikia kizunguzungu au mapigo ya moyo yakiwa ya polepole sana, arudi kliniki apunguziwe, asiviache mwenyewe.

## Hali za pekee

12. Sijawahi kunywa pombe wala sina homa ya ini. Nimeambiwa ni kichocho. Inawezekanaje?

Inawezekana sana ukiwa umekulia kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, kando ya mito ya Ukambani au ufuo wa Ziwa Victoria. Mayai ya kichocho cha matumbo hunasa kwenye matawi madogo ya mshipa unaoingiza damu kwenye ini, na makovu yake yanayakaza kama mirija ya kiko. Ini lenyewe linaendelea kufanya kazi vizuri. Ndiyo maana mgonjwa wa kichocho akivuja damu ana nafasi nzuri zaidi kuliko wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, mradi afikishwe mapema na mishipa imalizwe. Bandama yake huwa kubwa, mara nyingine inafika kitovuni.

Prazikwanteli inaua minyoo na ni lazima, ila haifuti makovu ya zamani. Kamera bado inahitajika. Raba na sindano hufanywa vilevile kama nilivyoeleza.

13. Ni mtoto wa miaka miwili. Raba au sindano?

Kwa mtoto mdogo kifaa cha raba huwa kikubwa mno kwa umio wake, kwa hiyo sindano bado ina nafasi yake halali, kwa kipimo kidogo kinachofuata uzito. Huhitaji usingizi kamili na daktari wa watoto aliyezoea. Kwa watoto sababu huwa tofauti, kama njia za nyongo zilizoziba tangu kuzaliwa au damu iliyoganda kwenye mshipa wa kuingia ini.

14. Mishipa yangu imevimba lakini haijawahi kupasuka. Nidungwe ya kinga?

Usidungwe. Hili limepimwa, na matokeo yalikuwa mabaya. Jaribio la hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani lililochapishwa mwaka 1991 lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliodungwa kabla ya kuvuja damu walifariki zaidi kuliko wasiodungwa. Kinga ni vidonge vya swali la 11, au raba kama mishipa ni mikubwa.

15. Mimi ni Muislamu. Nikidungwa spiriti?

Huuliza sana wagonjwa kutoka Eastleigh na South B, na ninawaheshimu kwa kuuliza. Kitabibu, ni kiasi kidogo sana kinachobaki kwenye ukuta wa mshipa, na haileweshi. Neno la dini ni la shehe wako. Ukihisi dhamiri inakusumbua, mwambie daktari mapema atumie dawa nyingine ya swali la 4 au raba. Wakati wa dharura, usikatae kamera kwa ajili ya swali hili.

16. Ni mjamzito.

Aende hospitali yenye madaktari wa uzazi na wa kamera pamoja. Raba hupendelewa, na telipresini huepukwa kwa sababu hubana mfuko wa uzazi.

17. Dawa za maumivu na za kienyeji je?

Brufen, diklofenaki na aspirini za kichwa aziache. Zinachokoza vidonda na kuumiza figo. Panadol kwa kiasi kidogo anachoambiwa na daktari ni salama zaidi. Dawa za mitishamba zisizojulikana kilichomo nimeziona zikimalizia ini lililokuwa linajikokota. Kama ameshakunywa, mwambie daktari. Hatutamgombeza.

18. Gharama?

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hiyo kadi ya zamani pekee haitoshi. Hakikisha amesajiliwa na michango imelipwa, kisha omba idhini ya endoskopi kabla ya kikao. Uliza hospitali kama raba, sindano au gundi zimo ndani ya bei au familia inanunua duka la dawa. Wakati mwingine tofauti ya bei ndiyo inayoamua kilichotumika, na ni haki yenu kuambiwa.

19. Tunaishi Kitui. Damu ikitoka tena, tuanze safari ya Nairobi?

Hapana. Nendeni hospitali ya karibu inayoweza kumwekea maji, damu, antibayotiki na oktreotaidi, kisha imlete kwetu kwa ambulensi akiwa ametulia. Mgonjwa akishawekewa maji na dawa hizo ndipo safari ya saa tatu inavumilika.

Na mje na karatasi ya kamera iliyopita. Daktari wa zamu usiku huo hajawahi kumwona mgonjwa wenu. Anataka kujua walidunga nini, mililita ngapi, ndani ya mshipa au pembeni, raba ngapi zilifungwa, na tarehe gani. Kama karatasi mliyopewa haina mambo hayo, rudini mwombe yaandikwe kabla hamjapanda gari la kurudi. Ipigeni picha kwa simu za watu wawili.